Sabuni ya maji isiyo na maji: mtungi umevimba, kifuniko kimeruka hadi darini

FundiWaKario
Jumapili, saa 2:40 usiku

Wadau, naomba msaada kabla sijafukuzwa kwenye ploti.

Niko Kariobangi Light Industries, nimekodi chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Huu ni mwaka wangu wa nne wa kutengeneza sabuni za maji: ya vyombo, ya mikono, ya choo. Soko limejaa. Kila aliyehudhuria semina ya siku moja sasa anauza sabuni ya kijani kwenye chupa za soda. Nikasema wacha nitoke kivyangu: sabuni ya maji ya kufulia ambayo dawa ya kung'arisha imo ndani yake tayari, ile ya oksijeni, si klorini. Mama anamimina kifuniko kimoja, shati la shule linatoka jeupe, nguo ya rangi haichujuki, hakuna kununua Jik kando.

Dawa yenyewe ni sodiamu pakaboneti, ule unga mweupe wa chengachenga. Najua haupatani na maji. Ukiumwaga kwenye sabuni ya kawaida unachemka kama Eno, na baada ya siku chache umebaki na soda ashi tupu. Ndipo nikatengeneza sabuni ya maji isiyo na maji. Msicheke.

Kwa kilo 20: Ungerol (kile kiini cha sabuni chenye povu) kilo 5, nonioniki (kiini kingine cha sabuni, kisicho na chaji) kilo 7, gliserini kilo 3, pakaboneti kilo 2, soda ashi kilo 2, zeolaiti (unga wa kulainisha maji) kilo 1, rangi ya kijani na manukato ya ndimu kidogo tu. Pakaboneti niliitwanga kwanza kwenye kinu cha chuma iwe laini, isizame. Tone la maji sikuweka. Hata ndoo niliipangusa kwa kitambaa kikavu.

Siku tatu mambo shwari. Jumatano kijani kimepauka kama majani ya chai yaliyochujwa mara mbili. Alhamisi mtungi umevimba mpaka hausimami, unayumba. Ijumaa saa saba mchana, jua limepiga mabati, kifuniko kikaruka kikagonga paa. Jirani wa karakana alidhani ni mtungi wake wa gesi, akatoka mbio na miwani ya kuchomelea usoni. Povu lilimwagika kama dakika kumi na mtungi ulikuwa wa moto ukiugusa.

Nimekosea wapi? Bado nina mitungi miwili kama huo.

KijanaWaGikomba
Jumapili, saa 2:51 usiku

Sabuni ya maji isiyo na maji ni kama chai ya maziwa isiyo na maziwa. Hiyo si ni strungi tu?

Nafuatilia lakini. Pole, bro.

MzeeWaBureti
Jumapili, saa 3:15 usiku

Kijana, kabla ya somo lolote: hiyo mitungi miwili, fungua vifuniko sasa hivi. Legeza polepole, uso wako ukiwa pembeni, kisha itoe nje mbali na hiyo karakana. Usiache kifuniko kimekazwa hata kidogo. Ukiona mtungi unazidi kupata moto, mimina maji mengi, ndoo kwa ndoo, usiwe bahili. Kinachotoka humo ni oksijeni, na wewe umeiweka ukutani kwa mtu anayerusha cheche. Tutazungumza ukisharudi.

FundiWaKario
Jumapili, saa 4:02 usiku

Nimerudi, Mzee. Yote miwili iko nje, wazi. Mmoja ulipuliza "fyuuu" kama tairi la trela. Asante.

TajiriMtarajiwa
Jumapili, saa 4:10 usiku

Achana na pakaboneti, ni bei ghali bure. Weka klorini ya unga, ile ya bwawa la kuogelea. Kijiko kimoja kinashinda kilo yako nzima. Na ni kavu, kwa hiyo hakuna maji.

MlinziWaBwawa
Jumapili, saa 4:19 usiku

TajiriMtarajiwa, futa hiyo.

Nimetunza mabwawa ya hoteli miaka tisa. Klorini ya unga ya bwawa ni kalsiamu hipokloraiti. Ikikutana na gliserini au glaikoli, ile ya kwenye mafuta ya breki, haifanyi kitu mwanzoni. Inakaa kimya dakika chache, unadhani imekataa, unasogea kuangalia. Halafu moshi, halafu moto mkali wa ghafla. Fundi ana kilo 3 za gliserini kwenye mtungi. Huyo jirani wa kuchomelea ndiye atakuwa shahidi kwenye mazishi.

MzeeWaBureti
Jumapili, saa 4:30 usiku

Mlinzi amesema ukweli na asirudie mtu. Klorini ya chupa nayo haifai hapa kwa sababu nyingine: ni hipokloraiti iliyoyeyushwa kwenye maji, sehemu kubwa ya chupa ni maji matupu. Huwezi kuiingiza kwenye kitu kisicho na maji bila kuleta maji yake. Na inakula viini vya sabuni vya aina nyingi, nonioniki ikiwa ya kwanza.

Fundi, niambie vitu viwili. Lebo ya lile pipa la nonioniki imeandikwa asilimia ngapi? Na Ungerol ni ile nzito ya kunata, au ile nyepesi?

FundiWaKario
Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Mzee, shikamoo. Nonioniki imeandikwa 90. Ungerol ni ile nzito, inayokataa kutoka kwenye mwiko, 70.

MzeeWaBureti
Jumatatu, saa 1:48 asubuhi

Marahaba. Sasa chukua kalamu.

Ungerol ya 70 maana yake asilimia 70 ndiyo sabuni. Iliyobaki, karibu yote, ni maji. Ule unene unaowadanganya watu si ukavu. Ni namna molekuli zake zinavyojipanga. Ukiongeza maji kidogo inazidi kuwa ngumu, kila mtu wa sabuni hapa ameshaona mabonge yale. Kwa hiyo kilo 5 zako zimeleta kilo moja na nusu ya maji.

Nonioniki ya 90: sehemu kumi ni maji, huwekwa makusudi kiwandani ili isigande pipani wakati wa baridi. Kilo 7 zimeleta gramu 700.

Zeolaiti ya kutengenezea sabuni inaonekana kama poda kavu ya mtoto, lakini imebeba maji kama sehemu moja kwa tano ya uzito wake, na hayo maji hayakai palepale, yanahama. Weka gramu 200. Na gliserini, hata iwe safi namna gani, ikiachwa wazi inavuta unyevu wa hewani.

Jumla kilo 2.4 ndani ya kilo 20. Yaani asilimia 12. Umepangusa ndoo kwa kitambaa, kisha ukamimina lita mbili na ushei za maji bila kujua. Soda ashi yako kavu ilijaribu kukusaidia, maana hunywa maji: kilo 2 zinaweza kushika gramu 340 hivi. Haikutosha.

KijanaWaGikomba
Jumatatu, saa 1:55 asubuhi

Kumbe maziwa yalikuwemo.

FundiWaKario
Jumatatu, saa 2:20 asubuhi

Nimekaa chini. Miaka minne nashika Ungerol kwa mikono yangu na sikuwahi kujiuliza ile 30 nyingine ni nini. Muuzaji wangu pale mjini naye nilimuuliza kama ina maji, akaniambia "boss, hiyo ni konsentreti".

Lakini Mzee, asilimia 12 ndiyo iruke mpaka dari? Sabuni ya kawaida ina maji zaidi ya 80.

MkemiaWaArusha
Jumatatu, saa 6:30 mchana

Mkuu FundiWaKario, nipo upande wa pili wa mpaka ila naomba niingie hapo.

Pakaboneti ni soda ashi iliyoshikana na hidrojeni peroksidi ndani ya fuwele moja: molekuli mbili za soda ashi, tatu za peroksidi. Ikiwa kavu imelala. Maji kidogo yakigusa ngozi ya chembe, peroksidi inatoka na kujikuta kwenye umajimaji wenye ualikali mkali, pH ya 10 na zaidi. Peroksidi hukaa vizuri kwenye uasidi. Kwenye ualikali haitulii. Ndiyo maana kwenye beseni la kufulia inafanya kazi vizuri, na ndiyo maana ndani ya chupa inajiua.

Inapovunjika inatoa vitu vitatu: oksijeni, joto, na maji. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Kilo moja ya pakaboneti ikivunjika yote inazaa gramu 150 hivi za maji mapya. Kwa hiyo hata ukianza na unyevu mdogo, chembe ya kwanza inamlowesha jirani yake, jirani anamlowesha wa tatu, na joto linaharakisha wote. Kwenye sabuni ya kawaida maji mengi yanapoza hilo joto. Kwako hapakuwa na cha kupoza: mafuta mazito, mtungi wa plastiki, juu mabati.

Na gesi. Pakaboneti ya biashara ina oksijeni ya kufanya kazi asilimia 13 hadi 14. Kilo 2 zikifa zote zinatoa lita 200 hivi kwa kipimo cha pwani. Nairobi mko juu, zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, gesi ileile inachukua karibu lita 250. Asilimia moja tu ikivunjika ni lita mbili na nusu, na mtungi wako ulikuwa na nafasi ya lita tatu tu juu ya sabuni.

Jambo la mwisho: kinu cha chuma. Chuma, shaba na manganizi, hata kiasi kisichoonekana kwa macho, huchochea peroksidi kuvunjika. Wewe umechukua chembe ambazo kiwanda kilizivalisha ganda la chumvi za salfeti au silikati ili zivumilie unyevu, ukazivua ganda kwa mtwangio, kisha ukazipaka vumbi la chuma. Samahani mkuu, lakini hata adui yako asingekupangia vizuri hivyo.

FundiWaKario
Jumatatu, saa 6:44 mchana

Nimecheka peke yangu kwenye matatu mpaka kondakta amenitazama.

MamaFua_Umoja
Jumatatu, saa 2:10 usiku

Habari zenu nyote. Mimi ni yule ambaye mnamtengenezea hii sabuni bila kumuuliza.

Nafua Umoja na Donholm, nyumba tatu kwa siku. Maji ni baridi, ya bomba au ya bauza. Mwenye nyumba hanichemshii maji, gesi ni yake. Beseni mbili, nguo, na saa nne za kumaliza yote. Hiyo oksijeni yenu inafanya kazi kwenye maji baridi?

La pili. Kuna sabuni ya gharama niliwahi kupewa na mama mmoja, nzito kama asali. Nikaimimina kwenye maji baridi ikawa makamasi chini ya beseni. Nguo nimesuuza mara nne bado inateleza.

La tatu, soksi za shule zenye udongo mwekundu. Hizo ndizo zinazotumaliza. Zitatoka?

MkemiaWaArusha
Jumatatu, saa 3:00 usiku

Shikamoo mama. Maswali yako yamezidi yetu sote.

Maji baridi: pakaboneti inapenda nyuzi 40 kwenda juu, 60 ndiyo raha yake. Kwenye baridi inafanya kazi, lakini kwa kulowekwa saa kadhaa, au usiku kucha. Kuna kisaidizi kinaitwa TAED. Kikikutana na peroksidi kwenye maji kinatengeneza asidi ya perasetiki, ambayo inang'arisha kwa joto la chini zaidi. Ila kwenye chupa moja na pakaboneti, unyevu ukiingia, vinaanza kazi kabla ya kufika kwako. Utajua kwa harufu ya siki ukifungua.

Makamasi: hiyo ni nonioniki tupu. Ikikutana na maji baridi inapitia hatua ya kuwa jeli ngumu kabla ya kuyeyuka. Ndiyo shida kubwa ya sabuni zisizo na maji, na hutulizwa kwa kuchanganya glaikoli. Ukiwa nayo tena, ikoroge kwanza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu.

Udongo mwekundu: hapana. Ile rangi ni kutu ya chuma iliyomo kwenye udongo, imeshamaliza kushika oksijeni, huwezi kuing'arisha kwa kuiongezea oksijeni. Hutoka kwa sabuni, soda ashi na kusugua. Dawa ya oksijeni ni ya chai, kahawa, matunda, jasho la kola, mchuzi wa manjano.

MamaFua_Umoja
Jumatatu, saa 3:12 usiku

Marahaba. Basi Fundi asiandike kwenye lebo kwamba inatoa udongo. Wote wanaandika hivyo na lawama tunabeba sisi.

FundiWaKario
Jumatatu, saa 3:20 usiku

Mama, nilikuwa nimeshaichapisha lebo. Nitaifuta hiyo mistari.

Wazee, sijakata tamaa. Nataka kufanya jaribio la kweli, chupa ndogo za gramu 500, nje ya chumba, vifuniko nimetoboa kwa pini. Nipangieni.

MzeeWaBureti
Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Sasa unaongea. Nimestaafu lakini bureti yangu, ule mrija wa kioo wa kupimia, bado iko kabatini na mke wangu amechoka kuiona, niletee sampuli.

Kwanza toa Ungerol kabisa, na zeolaiti kabisa. Tafuta nonioniki ya 100. Itakusumbua asubuhi za Julai, utaikuta imeganda kama samli. Iweke juani kidogo itarudi. Gliserini badilisha na propilini glaikoli iliyofungwa vizuri, ukifungua pipa tumia na ufunge. Rangi na ndimu acha. Rangi italiwa, na manukato mengi ya ndimu nayo yanaoksidishwa.

Kama unataka kuona maji kwa macho, nunua mrututu kidogo. Yale mawe ya buluu yapike kwenye bakuli la udongo mpaka yawe vumbi jeupe, nje, usivute ule moshi. Chukua tone la Ungerol yako, weka pembeni ya sahani, nyunyiza vumbi hilo. Ukiona linageuka buluu, hayo ndiyo maji yako. Lakini sahani hiyo isisogee karibu na pakaboneti! Mrututu ni shaba, na umeambiwa shaba inafanya nini.

Tengeneza tatu. A ni ya zamani ile ile. B mpya, pakaboneti na ganda lake, isiyotwangwa. C mpya, iliyotwangwa kwenye kinu chako hicho hicho, tujue nani muuaji, maji au chuma. Pakaboneti asilimia 10 kwenye zote. C tengeneza kidogo sana na usisimame juu yake.

FundiWaKario
Jumanne, saa 3:30 usiku

Mrututu: Ungerol imegeuka buluu kabla sijahesabu kumi. Nimepiga picha nitampelekea yule muuzaji.

MzeeWaBureti
Wiki mbili baadaye, Jumamosi, saa 5:15 asubuhi

Nawaeleza ninavyopima, kwa faida ya wengine. Gramu 2 za sabuni, iliyokorogwa hadi chini maana pakaboneti inalala sakafuni. Naiyeyusha kwenye asidi ya salfuriki hafifu, naongeza ayodaidi ya potasiamu na tone la molibdeti kuharakisha. Inageuka rangi ya chai kavu. Kisha thiosalfeti kwa bureti, rangi ikipauka natia wanga, inakuwa buluu nzito, naendelea tone kwa tone mpaka inakatika ghafla kuwa nyeupe. Kwa thiosalfeti ya nguvu ya 0.1, kila mililita ni miligramu 0.8 za oksijeni ya kufanya kazi. Pamanganeti pia ingefaa kwa unga mtupu, lakini humu kuna nonioniki, na pamanganeti inaila hiyo nayo, inakupa hesabu ya uongo.

Siku ya kwanza zote tatu zilikula mililita 33 na ushei. Leo: A mililita 6.3. B 33.0. C 28.4.

A imekwisha. Imwageni.

KijanaWaGikomba
Jumamosi, saa 5:40 asubuhi

Mzee hebu fungua shule, mimi nitakuja na daftari.

FundiWaKario
Wiki ya sita, Ijumaa, saa 1:30 usiku

Wadau, nimetoka kwa Mzee sasa hivi, ameniwekea na chai. B ni 31.7. C ni 21.9.

Kwa hiyo B imepoteza kama asilimia 5 kwa wiki sita, chini ya mabati. C imepoteza theluthi nzima, na tofauti yao ni kinu tu.

Nilipaswa kufurahi. Shida ni hii: chupa ya B, ukiitazama, juu ni mafuta safi ya kung'aa, chini kuna tabaka la chengachenga nene kama kidole, limeshikana. Nimetikisa mpaka bega likauma. Mteja wa kwanza atamimina mafuta, wa mwisho atakwangua mchanga. Ikitwangwa inaelea lakini inakufa, isipotwangwa inaishi lakini inazama.

MkemiaWaArusha
Ijumaa, saa 2:15 usiku

Mkuu, umefika pale ambapo kampuni kubwa za Ulaya na Marekani zilikwama na kuandika hataza lundo miaka ya 1980 na 1990. Watu wamekuwa wakifua kwa oksijeni tangu Persil ya Henkel ya 1907, jina lenyewe limetokana na paboreti na silikati, lakini ile ilikuwa unga. Unga hauna shida ya kuzama.

Hata kutwanga hakutoshi. Kasi ya kuzama inafuata kipenyo cha chembe mara kipenyo. Chembe ya nusu milimita inazama mara 625 haraka kuliko ya mikroni 20. Lakini hata hiyo ya mikroni 20, kwenye nonioniki yenye unene mara mia wa maji, inashuka kama sentimita 20 kwa siku. Pakaboneti ni nzito, uzito wake ni mara mbili ya maji. Kesho asubuhi iko chini.

Unachohitaji siyo unene, ni utando. Kitu kama silika ile nyepesi ya moshi, au udongo wa bentonaiti uliotiwa dawa upatane na mafuta, kinachojishika chenyewe chupa ikiwa imetulia na kuachia ukiitikisa. Kama tomato sosi. Chembe zinakaa zimening'inia bila kutwangwa laini sana. Ila silika hiyo ndani ya glaikoli ni mkaidi, haijengi vizuri, itabidi upunguze glaikoli, na ukipunguza glaikoli makamasi ya Mama yanarudi. Na kila unga mpya unaouleta, uulize maji yake kwanza.

MzeeWaBureti
Ijumaa, saa 2:50 usiku

Na kifuniko. Kile cha pini kinapumua kutoka na kuingia. Masika yakianza, unyevu utaingia kwa tundu lilelile gesi inapotokea. Kuna vifuniko vyenye kipumulio cha utando, vinatoa gesi na kuzuia maji. Ukiziba kabisa unarudi kwenye kuruka dari. Asilimia 5 kwa wiki sita ni kidogo kwa nguo, lakini kwa mtungi wa lita 5 wenye nusu kilo ya pakaboneti ni karibu lita tatu za gesi.

MamaFua_Umoja
Ijumaa, saa 3:05 usiku

Naomba kuuliza kitu cha kijinga. Kwani ni lazima vikae chupa moja? Mimi hata chumvi na sukari sichanganyi kabatini. Nipe sabuni kwenye chupa, hiyo nyeupe nipe kwenye kikaratasi. Siku ya nguo nyeupe natia, siku ya suruali za jinzi sitii. Kwanza nguo nyingi hazihitaji.

TajiriMtarajiwa
Ijumaa, saa 3:11 usiku

Haa. Mama amefunga uzi.

MkemiaWaArusha
Ijumaa, saa 3:30 usiku

Mama yuko sahihi kibiashara, sibishi. Na kwa kikaratasi unaweza hata kurudisha Ungerol na maji kwenye chupa, bei ishuke nusu. Lakini Fundi alitaka chupa moja, na kusema haiwezekani si kweli. Inawezekana, ni ghali na inadai usafi wa maabara. Mimi ningeendelea na vyote viwili.

FundiWaKario
Wiki nne baadaye, Jumapili, saa 11:20 jioni

Nililala nalo siku mbili, nikaamua.

Nauza kwanza cha Mama: sabuni ya kawaida kwenye chupa, na vipakiti vya gramu 30 vya pakaboneti, vile vya ndani vyenye foili, navifunga kwa pasi. Gunia nimeligeuza nikaona ile almasi ya njano yenye mwali juu ya duara. Sikuwahi kuitazama miezi yote hii. Nimelihamishia upande wa pili wa ploti, juu ya mbao, mbali na cheche, mbali na mafuta. Jirani amenisaidia kulibeba, anasema bado anaota kile kifuniko.

Na chupa D iko kwa Mzee: nonioniki ya 100, glaikoli kidogo, silika asilimia 2, pakaboneti na ganda lake, kifuniko cha kipumulio nilichokinyofoa kwenye mtungi wa dawa ya maziwa nikakiosha na kukikausha siku nzima. Jana ilikuwa wiki ya tatu. Nimeiinua kwenye mwanga: chengachenga bado zimening'inia juu mpaka chini, isipokuwa ukungu mwembamba sakafuni, kama unene wa kucha. Mililita 32.9.

MamaFua_Umoja
Jumapili, saa 11:34 jioni

Vipakiti ni pesa ngapi? Nataka ishirini, na wawili wa hapa wanataka kumi kumi. Niletee stendi ya Umoja, usitume kwa boda, ilinyesha leo.